Mwezi Niliokataa Maziwa ya Gaaju

Nilikuwa na miaka tisa ng'ombe alipougua kwa sababu yangu. Sisemi kwamba kweli aliugua kwa sababu yangu. Nasema ndivyo nyumba nzima ilivyoamini, na mimi mwenyewe, niliyekuwa mtoto wa mdomo mrefu na hasira za karibu, niliamini nusu. Ng'ombe huyo aliitwa Gaaju, jina wanalopewa huku Ankole wale wenye rangi ya hudhurungi iliyopauka, na alikuwa ng'ombe wangu. Hakuwa mali yangu. Katika nyumba ile kila mtoto alikuwa na ng'ombe anayekamuliwa kwa ajili yake, na maziwa ya huyo ndiyo yanayomlea. Siku ya pili tu baada ya kufika kwao, bibi mzee wa nyumba, mama yake mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Kaaka, alinishika mkono akanipeleka zizini, akanionyesha Gaaju.

"Huyu ndiye atakayekunyonyesha," alisema. "Umheshimu."

Nilikuwa nimetoka Nakivale, kambi ya wakimbizi. Baba yangu, Yusufu, alikuwa mchinjaji mjini Mbarara, Mnyarwanda Mwislamu, na wafugaji wa Masha walimpenda kwa sababu hakumficha mtu kasoro ya mnyama wala ya nyama. Alifariki nikiwa mdogo. Kisha ikaja miaka ile ya themanini watu wa asili yetu walipofukuzwa majumbani mwao, mama akanibeba mpaka Nakivale, tukajenga kibanda cha nyasi upande wa ziwani. Mwaka uliofuata malaria ikamchukua mama. Aliyekuja kunichukua mimi alikuwa mfugaji wa Masha, Mhima, ambaye zamani alikuwa akimletea baba ng'ombe. Alifika kwa baiskeli, mwanamume mrefu mwenye kofia na fimbo, akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Mutoto ya Yusufu iko wapi?"

"Ni mimi."

"Baba yako alikuwa rafiki yangu kabisa. Hapana danganya mimi hata siku moja. Sasa wewe nakwenda kwangu. Panda baiskeli."

Nikapanda. Hapakuwa na karatasi ya kutia sahihi wala ofisa wa kuuliza swali. Tangu siku hiyo nilimwita Taata, kama watoto wake walivyomwita, na mpaka leo nikimtaja sijui jina lingine la kumwita.

Niseme wazi, maana sizipendi zile hadithi za yatima ambamo kila mlezi ni zimwi: nyumba ile ilikuwa njema. Nilikula walichokula watoto wao wawili wa kiume, nililala walipolala. Mke wa Taata, Maama, alikata gauni lake mwenyewe akanishonea langu. Lakini ilikuwa nyumba ya Wakristo. Jumapili tulikwenda kanisani wote, na mimi niliimba kama wengine kwa sababu kuimba napenda. Halafu jioni moja Maama akaniambia, kwa wema kabisa, kama mtu anayekupa nguo mpya:

"Mwezi ujao ukiisha, Mwalimu wa kanisa anakuja kuandika majina ya watoto wa kubatizwa. Wewe nimekuchagulia Feresita. Zuri, sivyo?"

Nikatoka kwenda kuwafungia ndama, ambao walikuwa wamekwisha kufungiwa.

Jina langu, Hadija, nilipewa na baba. Kwa mama nilibaki na vitu viwili tu: sura mbili fupi za Kurani nilizozijua kwa moyo bila kujua maana, na kufunga. Mwaka wake wa mwisho alinifundisha kufunga, kwanza mpaka adhuhuri, halafu siku nzima mbili tatu, akanisifu mbele ya majirani. Picha yake sikuwa nayo. Nguo zake zilizikwa au ziligawanywa, sijui. Niliona kwamba nikiitikia Feresita, mama ataondoka tena, safari hii kwa ridhaa yangu. Nikikataa je? Watanirudisha Nakivale, kwa nani? Mtoto wa kulelewa hujifunza mapema kwamba yeye yupo kwa hisani, na hisani ina mlango wa kutokea. Usiku nilikuwa nasema moyoni, nakubali. Asubuhi nasema, sikubali.

Katika hali hiyo wakapita pale nyumbani wachinjaji wa mjini, wakitafuta ng'ombe. Maama akawatolea maziwa kama ilivyo ada. Mmoja akaweka mkono kifuani akasema, "Utuwie radhi, mama. Tumefunga." Nikajua Ramadhani imeingia. Hakuna aliyekasirika, mgeni husamehewa. Kesho yake nami nikafunga, bila kumwambia mtu.

Kilikuwa kiangazi, majani yamegeuka majivu, maziwa yanapungua. Kila asubuhi baada ya kukamua, Maama alimpa kila mtoto kikombe cha ng'ombe wake. Changu nilizunguka nacho nyuma ya kibanda cha ndama, nikamnywesha ndama wa Gaaju. Kumwaga maziwa nisingethubutu, hata mwizi wa huko hamwagi maziwa. Niliona namrudishia mwenyewe chake. Chakula cha mchana nilikifunika kwa jani la mgomba na kusema tumbo linauma. Kwa siku saba nilikuwa mjanja kuliko wote.

Siku ya nane Maama alisimama ghafla katikati ya kukamua. Ndani ya povu jeupe kulikuwa na uzi mwekundu, ukasambaa polepole mpaka maziwa yote yakawa na rangi ya waridi. Alimwita Kaaka. Kaaka akaja na fimbo yake, akachungulia, akachovya kidole, akanusa. Halafu akatupanga mstari, sisi watoto watatu, mbele ya zizi.

"Ng'ombe hatoi damu bure," alisema. "Hutoa damu akiaibishwa. Na aibu ya ng'ombe ni moja: yule anayekamuliwa kwa ajili yake amekataa maziwa yake. Damu ikifuatwa na siku kumi za kukataliwa, hukauka. Akikauka mmoja, wenzake humfuata. Nani amemkataa ng'ombe wake?"

Katungi, mtoto mkubwa wa Taata, hakungoja hata Kaaka amalize.

"Ni Hadija! Anampa ndama! Nimemwona kila siku! Angalieni wenyewe, ndama wa Gaaju ana kitambi kama meja wa kambi ya jeshi!"

Mdogo wake akacheka mpaka akakaa chini. Maama hakucheka. Alinitazama akiwa bado ameshika chombo chenye damu, na neno alilosema linanichoma mpaka leo.

"Mwanangu, maziwa yetu yana nini? Tunakupa machafu?"

Angenipiga ningevumilia. Lile swali lilinishinda. Nikafanya ninavyofanya nikishindwa: nikapiga kelele.

"Si machafu! Nimefunga! Mimi Mwislamu, na ni Ramadhani, na jina langu Hadija! Sitaki kuwa Feresita! Mkitaka kunirudisha Nakivale nirudisheni leo, nitakwenda kwa miguu!"

Hakuna mtoto aliyewahi kumpigia Kaaka kelele. Katungi aliacha kutabasamu. Taata, aliyekuwa akifunga lango la zizi, aliacha mikono hapo hapo kwenye miti. Nilisubiri fimbo, nikaona fimbo inawekwa chini. Kaaka alikaa juu ya kigogo akaniita karibu.

"Kufunga ndiyo nini?" aliuliza.

Nikamweleza, huku kamasi zinanitoka.

"Mchana hunywi kabisa?"

"Sinywi."

"Na mama yako hakunywa?"

"Hakunywa."

"Na mama yake mama yako?"

"Naye hakunywa."

"Jua likizama?"

"Nakunywa."

Kaaka akawageukia wakubwa. "Sasa mtoto mnamtolea macho ya nini? Huyu ana muziro."

Huku Ankole kila ukoo una muziro wake, mwiko waliorithi kwa mababu. Wengine hawali mnyama fulani, wengine hawagusi ng'ombe wa rangi fulani. Mtu havui muziro wake kama kofia. Akiuvunja, balaa humpata yeye na nyumba iliyomlazimisha. Na muziro wa mtu hauchekwi hata akiwa adui.

"Mama," alisema Maama taratibu, "Uislamu si ukoo. Ni dini."

"Nguruwe hawali, sivyo? Mwezi mmoja mchana hawanywi? Wanaoana wao kwa wao na kuzikana wao kwa wao? Basi ukoo ni nini kingine?"

Neno la ukoo Maama aliliacha. Lakini alikuwa mtu wa kuona mbali.

"Na ng'ombe je? Akiendelea kumkataa kila asubuhi mpaka mwezi uishe, si Gaaju atakauka?"

Nikamwona Kaaka anafikiri. Ninyi mnaosoma mnaweza kucheka, lakini mimi nilikuwa pale. Mwanamke yule hakuwa anacheza. Kwake hatari zilikuwa mbili na zote za kweli: upande huu ng'ombe aliyemlea tangu ndama, katika mwaka wa kiangazi kibaya, na upande ule muziro wa mtoto asiye wa damu yake. Aliwatazama ng'ombe wote zizini, mmoja mmoja, kama anayewaaga.

"Ng'ombe ataambiwa," alisema mwishowe. "Asipoelewa, basi tutampoteza ng'ombe."

Alininawisha mikono, akanipeleka kwa Gaaju, akaniwekea kiganja kwenye kiwele. Kilikuwa cha moto.

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Ukweli. Wewe si umetuambia sisi kwa kelele? Yeye mwambie kwa adabu."

"Gaaju," nilisema, "sikukukataa. Nangoja jua lizame."

"Rudia, asikie. Hilo sikio limeng'ang'aniwa na kupe tangu juzi."

Nikarudia. Nyuma yangu nilisikia Katungi anakohoa ili asicheke, na Taata anamwambia, "Kaa kimya, wewe!"

Siku zilizofuata Taata alikanda kiwele kile kwa maji moto asubuhi na jioni, akakamua yale maziwa mabaya mpaka tone la mwisho. Siku ya tano damu ikakoma. Kaaka akasema ng'ombe ameelewa. Taata akasema maji moto. Mimi sikwenda shule zaidi ya darasa la nne. Niliyonayo nimejisomea mwenyewe, vijitabu vya mifugo vikiwemo, na najua kiwele huumia kwa mwiba au kwa teke na kupona kikikandwa. Najua. Lakini mkono uliokuwa juu ya kiwele kile ulikuwa wangu, na nilihisi ng'ombe ametulia nilipomaliza kusema. Nalieleza kama lilivyokuwa, kila mtu achukue analotaka.

Kuanzia hapo funga yangu ikawa na mlinzi. Adhuhuri moja ya jua kali nilishindwa, nikanyatia mtungi wa maji. Kata ilikuwa imefika mdomoni.

"Weee!" Kaaka alinifokea. "Unataka kutuulia ng'ombe?"

Nimeishi Mbarara miaka mingi tangu hapo, sijaona shehe aliyesimamia funga ya mtu namna ile. Jioni Kaaka mwenyewe alisimama uani akiangalia kilima cha magharibi, kiganja juu ya macho. "Bado. Bado kidogo. Bado, usinisukume. Haya!" Ndiyo saa hiyo hiyo ng'ombe walikuwa wamerudi na kukamuliwa, kwa hiyo nilifungua kwa maziwa ya Gaaju yakiwa bado na joto la mwili wake. Kaaka aliona hilo ni ushahidi. "Mababu zako walikuwa na akili," aliniambia. "Muziro wao unajua saa za ng'ombe."

Lakini Feresita alikuwa bado ananingoja. Mwisho wa mwezi Mwalimu wa kanisa akaja na daftari lake, mtu mpole, mwenye shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Akaandika jina la Katungi, akaandika la mdogo wake, akanitazama. Maama akatazama chini.

"Huyo usimwandike," alisema Kaaka.

"Kwa nini, Kaaka? Anakuja kanisani, na anaimba kuliko wote."

"Aimbe. Ana muziro."

Mwalimu akatabasamu kwa subira. "Kaaka, hayo ni ya zamani. Mtoto amekuja kuishi nasi, awe kama sisi. Ndiyo upendo."

"Wewe ulibatizwa lini?"

"Nikiwa mtoto kabisa."

"Na muziro wenu nyumbani kwenu ni nini?"

Mwalimu alishusha kalamu yake. "Pongo."

"Tangu ubatizwe umekula nyama ya pongo mara ngapi?"

Mwalimu akamfukuza nzi kwenye kikombe chake. Taata akageuza uso akajifanya anatazama ng'ombe, mabega yake yanatikisika.

"Sijala," alisema Mwalimu.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, Kaaka. Ningetapika."

"Na Mungu wako amekuacha kwa hilo?"

"Hajaniacha."

"Basi na huyu mwache."

Hapo ndipo Mwalimu alipofanya jambo ambalo ningemshukuru kwalo kama ningejua alipozikwa. Angeweza kuona ameaibishwa, akatetea daftari lake. Badala yake alilifunga, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu, akaniuliza kitu ambacho mtu mzima hakuwahi kuniuliza, hata Kaaka, aliyekuwa akinipigania kwa sababu zake mwenyewe.

"Wewe mwenyewe unataka nini?"

Nilikuwa na siku nyingi za kujiandaa kwa hasira. Kwa swali la upole sikuwa nimejiandaa.

"Nataka kubaki Hadija," nilisema. Halafu nikaogopa, nikasema lile lingine haraka kabla mtu hajafunga mlango. "Na nataka kubaki hapa."

"Nani amesema hayo mawili hayakai pamoja?" alisema Maama. Alinivuta kwake akanifuta uso kwa kitambaa chake. "Ah, mtoto huyu! Nilichagua jina tu, sikusema uondoke. Siku ile nilidhani ni hasira tu. Ulikaa na hofu hiyo mwezi mzima?"

Mwezi ulipoandama, Taata alinipakia kwenye baiskeli tukaenda Mbarara. Mke wa mfanyabiashara mmoja wa nguo, Mwislamu aliyemjua baba, alinifunika kanga yake nikaswali Iddi kati ya wanawake. Taata alibaki nje, juani, na kofia yake, ameshika ndala zangu mkononi kwa sababu alisikia viatu huibwa misikitini. Wachinjaji waliomjua walimcheka. "Leo umesilimu, mzee?" Akawajibu kwa Kiswahili chake, "Mimi hapana. Mimi nalinda viatu ya mutoto ya Yusufu."

Sasa nina umri unaokaribia wa Kaaka, nakaa Ruti, hapa Mbarara, na ninalea. Siku hizi anayechukua mtoto wa mwenzake hupewa karatasi, na moja ya mistari yake inasema mtoto asilazimishwe kuacha dini yake. Mstari mzuri, na mimi niliutia sahihi nilipoletewa Esperansi kutoka Misiera, kule kambini, binti wa Kikongo wa miaka kumi na minne, mlokole. Wiki ya kwanza aliniuliza, "Mama, fasi ya kusali iko wapi? Kwetu siku ya Mungu tulikuwa tunaimba, batu mingi." Nikamjibu kwamba karibu na hapa hakuna kanisa. Mimi ninayejivunia kusema wazi, nilimdanganya mtoto, na kanisa liko mtaa wa pili. Nilijiambia bado mgeni, atapotea njia. Ukweli ni kwamba nilitaka nyumba yangu ifanane na mimi.

Ikawa wiki ya tatu. Nikaingia jikoni, nikamkuta anaosha sufuria huku anaimba chini kwa chini. Aliponiona akanyamaza. Alinyamaza upesi mno, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Nikasimama pale na hasira zangu zote na hakukuwa na wa kumkasirikia. Jumapili ile nilimshika mkono nikampeleka mpaka mlangoni mwa kanisa, nikamwambia mbele ya watu kwamba nilimdanganya. Sasa anarudi Jumapili sauti imekauka, ananisimulia mahubiri, nami nabishana naye, naye anabisha. Nyimbo zile bado zinanikera.

Ilinibidi niwe mlezi mwenyewe ndipo nijue ukubwa wa nilichopewa. Mimi kumwachia Esperansi dini yake hakukunigharimu kitu isipokuwa kimya cha nyumba, na bado nilishindwa kwa wiki tatu. Kaaka aliamini kwa moyo wote kwamba itamgharimu zizi, na aliamua asubuhi moja, akiwa amekaa juu ya kigogo. Kuhusu ng'ombe nadhani alikosea. Kuhusu Uislamu alikosea kabisa. Lakini mimi nilikua nikiwa Hadija, nyumbani kwa watu waliokuwa wangu, na sikulazimika kuchagua.

Kaaka alikufa akiwa na jina la ubatizo ambalo hakuna aliyelitumia. Kila nikiwaombea baba na mama baada ya swala, namtaja na yeye, hapo hapo, bila kushusha sauti. Kama kumwombea asiye Mwislamu hakuruhusiwi, sijui. Sijamuuliza shehe, na sina mpango wa kumuuliza.